Kibanio cha Sikio

Dobi wa nyuma ya soko alitobolewa masikio akiwa msichana, eti apendeze. Loo! Sikio moja likapona, la pili likaota kovu, kovu likafura mpaka likaning'inia kwenye ndewe kama haragwe. Tangu hapo alipiga pasi akiwa amejifunga kitambaa mpaka masikioni, ndani ya chumba chenye mvuke ambamo hata mjusi angeomba maji. Alichotaka ni kimoja tu: kufanya kazi kichwa wazi, bila mteja kumkodolea macho.

Kovu lilishakatwa mara mbili, na mara mbili likarudi, tena kwa hasira. Kila likikatwa, daktari alimpa kibanio cha plastiki cha kubana ndewe, akivae usiku na mchana. Na kila mara alikivua "saa moja tu", mara sherehe, mara wageni, na ile saa ikageuka wiki. Unajua tena mtu akishaonja raha! Safari ya tatu, alipomaliza kulikata na kumpa kibanio kingine, daktari hakumung'unya maneno. Likirudi tena, hakuna nyama ya kukata.

Dobi akaapa hakitoki ila wakati wa kuoga. Kitambaa kilipokuwa kinakisukuma kibanio, alikitupa kitambaa.

"Wifi, na wewe umejianika?" dada wa mumewe alimtania.

"Nimejianika, na sianuliwi mpaka nikauke!" alijibu, pasi mkononi.

Mtihani wenyewe ulitoka kwa bintiye. Alikuwa anahitimu ukunga, na joho lake alilipiga pasi mama mwenyewe mpaka mikunjo ikaomba radhi. Asubuhi ya mahafali binti alisimama mlangoni, anachezea kitasa.

"Mama, kwenye picha... hicho kidude. Saa moja tu."

Maneno hayo yalimchoma. Angesema wifi, wangecheka yakaisha.

"Mwanangu, hiyo saa moja naijua. Imeshanidanganya mara mbili. Kama unanionea aibu nitabaki nyumbani, lakini hakitoki."

Binti alifungua mlango, wakatoka wote. Alinuna njia nzima, akanuna ukumbini, na walipofika kwa mpiga picha alikuwa bado amevuta mdomo.

"Mama, geuza shingo kidogo tukifiche hicho," mpiga picha alisema.

"Sigeuzi. Piga hivi hivi."

Alisimama wima, gauni limenyooka, masikio yote mawili nje. Binti alimtazama. Tangu azaliwe alikuwa hajawahi kuyaona masikio ya mama yake kwenye picha.

"Subiri kidogo," alimwambia mpiga picha.

Akafungua mkoba wa mama yake, ambao haukosi vibanio vya nguo hata siku ya harusi, akachomoa kimoja na kukibana kwenye ndewe yake.

"Aii! Mama, kinauma!"

"Kinauma, ndiyo."

"Na wewe unalala nacho?"

"Nalala nacho."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga binti, na sikio lilishaanza kuwa jekundu. Dobi alinyoosha mkono amtolee.

"Kiache," binti alisema, akamshika mkono huo huo na kumgeukia mpiga picha. "Haya, kaka, piga. Na masikio yatokee vizuri."