Moteri ya Télesphore Haipige Makelele

Bwana yangu Télesphore alipiga kasia mu Ziwa Kivu miaka makumi tatu na mbili. Kisha bega yake ya kuume ikakufa. Docteur akamuambia: «Papa, kasia, basi.»

Huku Bukavu sambaza, samaki ndogo-ndogo ya ziwa, inavuliwa na équipe: mitumbwi tatu zenye kufungwa pamoja na miti ndefu, na wavu katikati. Équipe yenye kufika ya kwanza njo inachagua fasi ya muzuri. Bila kasia yake, sisi tukaanza kufika ba mwisho. Bapiga kasia betu, Gracien na Lucien, bakamuambia wazi: «Papa, siku ya samedi tukifika tena nyuma, siku ya lundi tunaenda ku équipe ya Léopold.» Bila bale babili, équipe imekufa. Muzee wangu akaacha hata kukula.

Njo binti yetu Ariane, mwenye kutengeneza courant ya umeme kule Kamanyola, alitutumia moteri ya umeme: chuma ndefu, hélice ndogo chini ya kuzunguka mu maji, na batri. Beach yote ikacheka.

«Hii ni ya kukoroga bugali?» Léopold akauliza.

Nikamujibu: «Koroga ya kwako kwanza, bibi yako analia njaa!» Ndiyo, nilisema vile, na sina haya.

Samedi saa kumi ya mangaribi, Télesphore akafunga moteri ku mutumbwi wa kushoto. Kwetu, chef wa équipe anakaa kushoto, na kitu ya heshima inakaa na chef. Akawasha. Ayii, Yesu wangu! Équipe ikazunguka, ikazunguka tena, kama mbuzi ya kufungwa ku kamba. Batu bakacheka mupaka kushika matumbo. Ma équipe ingine zikaondoka. Lucien akainama, haya tupu.

Damu ikanipanda. Nikapiga kelele na sauti yote: «Télesphore! Acha hiyo kiti ya ukubwa! Weka moteri katikati!»

Beach yote ikanigeukia. Bibi kusemesha chef vile, mbele ya batu! Akaniangalia sana. Kisha akasimama, akabeba moteri na bega ya kushoto, akaenda kukaa mu mutumbwi wa katikati, pale panakaa mwenye kutosha maji inje ya mutumbwi, ule mudogo kabisa.

Sasa ikaenda sawasawa! Upepo ulikuwa mu uso, bapiga kasia ba Léopold beko banapumua na midomo wazi, na sisi vuuu tu, polepole lakini bila kupumzika. Tukabapita moja kwa moja. Bamama bakapiga mabeseni, mimi nikapiga ya kwangu mupaka ikapasuka. Télesphore njo alifika wa kwanza ku pointi, ile fasi ya muzuri ya kuvua. Nilifurahi kupita siku ya ndoa yangu, kusema kweli!

Lundi asubuyi nikafungua mulango, nikakuta bapiga kasia bane. Gracien na Lucien, na nyuma yao bapiga kasia babili ba Léopold, kofia mu mikono.

«Maman, Papa eko?» Gracien akauliza. «Na hawa banataka kupiga kasia kwake.»

Télesphore akatoka, akabahesabu na macho, akaanza kulia mbele yao bote.

«Ingieni,» akasema. «Georgette, weka chai.»