Jogoo wa Vienna

Nakiri leo: sikuwahi kufika Vienna nikiwa darasa la saba. Nimelikana hili shuleni, nikalikana chuo kikuu, na mwaka jana tu, hapa Arabuni, nikalikana tena mdomo umejaa chapati.

Enzi zetu, wenzangu wa umri huu mnakumbuka, mtu wa ng'ambo hakupiga simu. Alijirekodi kwenye kaseti. Mama alifanya kazi za nyumbani Jeddah, mtaa wa Al-Safa, na joto lilipozidi waajiri wake walikwenda Ulaya, naye akafungashwa pamoja na mizigo. Kaseti ya Vienna ilitufikia Kakamega ndani ya soksi. Tuliisikiliza jikoni kwa nyanya, moshi wa kuni machoni, viazi vitamu vikitokota, na ukanda ulipokwama nyanya aliurudisha kwa kalamu.

"Barabara za hapa zimetandikwa mawe," Mama alisema. "Kuna kanisa lina paa la vigae vya rangi, kama mkeka. Ndani sikuingia, nilikuwa na mtoto wa madam kwenye kigari." Kasri la wafalme aliliona kutoka getini, ameshika kiatu kimoja cha mtoto huyo. Utalii wake uliishia hapo.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wa Kiswahili akatupa insha: "Safari Niliyoifurahia." Nanyi mnajua tulivyofunzwa. Insha isiyo na jogoo haikuwa insha. Basi nikaandika: "Jogoo wa kwanza alipowika, nilidamka, nikafungua dirisha la chumba changu katikati ya jiji la Vienna." Nikayakanyaga mawe yale. Nikaingia kanisani ambamo Mama hakuingia. Nikazunguka kasri chumba baada ya chumba. Nikawa wa kwanza, nikatuzwa kamusi.

Wa pili alikuwa Rispa, jirani yetu na mwenzangu wa dawati, aliyeandika juu ya kwenda Kisumu kwa shangazi yake.

"Jogoo, Vienna?" alininong'oneza.

"Yupo."

"Anafugwa wapi, ghorofani?"

"Yupo, nimekwambia!"

Tangu siku hiyo jina langu likawa Jogoo. Tukiruka kamba, tukicheza mpira wa kati, tukipanga mitungi kisimani: "Jogoo, zamu yako!" Kila jioni Rispa alikuja kuazima kamusi ile, nami, mwizi mwenye roho ndogo, nilimwambia asikunje kurasa. Nyanya alipoiona zawadi yangu alisema, "Usijisifu umeshiba kabla hujanawa mikono." Hadi leo sijui alijua nini.

Sasa mimi nafundisha Kiingereza Riyadh, na Rispa ni mfanyakazi wa nyumbani Al-Rawdah, Jeddah. Mwaka jana nilikwenda kumwona, tukakutana na Wakenya wenzake mtaa wa Kandara, hukohuko Jeddah, kwa chai na chapati. Akanitambulisha: "Huyu ni Jogoo. Alitalii Vienna darasa la saba."

"Kweli, Auntie? Picha ziko wapi?" akauliza msichana mmoja. Vijana wa siku hizi! Kwao mahali pasipopigwa picha hapajaumbwa.

"Enzi zetu hakukuwa na simu," nilijibu, nikaendelea kutafuna.

Kisha kiangazi hiki madam wake akamwambia: "Yalla, Rispa, tunakwenda Vienna." Siku zote alizokuwa huko sikutulia. Nilisahihisha madaftari ya watoto wa wenyewe huku nikijiona mbele ya darasa, kamusi imerudishwa, Rispa akipigiwa makofi aliyonyimwa. Dunia yetu ya zamani ilikuwa kubwa, uongo ulipata pa kuzeekea. Ya leo imekuwa ndogo mno. Lakini pia zamani sauti ya mama ilisafiri wiki nzima ndani ya soksi, nasi tukaisikiliza hadi ukanda ukakwaruzika. Siku hizi naona watoto wakituma ujumbe wa sauti, wakiufuta kabla mama hajajibu.

Alasiri moja simu ikalia.

"Jogoo! Nimerudi Jeddah. Siku kumi na mbili nimetega sikio kila asubuhi. Mafi jogoo, hakuna!"

Nikakiri: "Rispa, sikuwahi kufika."

Akacheka hadi akakohoa. "Kwani sijui? Likizo ile yote tulichota maji pamoja. Vienna ulikuwa ukienda saa ngapi?"

"Mbona hukunisema kwa mwalimu?"

"Ulikuwa unamtafuta mama yako. Ningekusemaje?"

Nilihisi kama mtu aliyevua kiatu kilichombana tangu darasa la saba.

"Sikiza," akasema. "Nilimwambia madam, shika mtoto wako dakika kumi. Nikaingia kanisani. Nimeingia kwa niaba yako na ya mama yako. Halafu nilipotoka, mtaa wa pili, juu ya paa, nikamwona. Wa bati, anageuka na upepo."

"Kwa hiyo jogoo yupo?"

"Yupo. Ila ni wa mjini, hawiki."