Mpishi Kuluthumu Kati ya Nguruwe wa Moshi na Maji ya Samaki

Saa moja asubuhi, Kuluthumu binti Mbwana anasonga ugali wa uwele huku amejiziba pua kwa ncha ya kanga. Hatua ishirini kutoka alipo, kwenye mafiga mengine, msaidizi wa hospitali aitwaye Silvano anakaanga vipande vya nyama ya nguruwe. Upepo wa Dodoma, ambao haujawahi kumwonea mtu haya, unageuka na kumletea mama huyu moshi wote.

"Silvano, sogeza hayo mafiga yako!"

"Shikamoo, mama. Nimeshasogeza mara mbili. Upepo unanifuata."

Ni Jumamosi, siku ya kupima. Kabla ya adhuhuri, mizani ya mizigo ya stesheni itaamua kama Kuluthumu ataendelea kupika hapa, hospitali ya kambi ya reli, au atafunga virago.

Mkasa wenyewe ukisimuliwa mara ya kwanza huuelewi. Mimi, mwandishi wa habari hii, nimesimuliwa mara tatu, na ya tatu ndiyo iliyonichanganya zaidi.

Reli ilipofika Dodoma mwaka jana, 1910, Kuluthumu alikuwa mjane anayeuza vitumbua. Wazazi wake walifika huku na misafara ya pembe, wakachoka njiani, wakajenga. Daktari Mjerumani wa kambi, ambaye wote humwita Bwana Mganga, alionja kitumbua kimoja akamwajiri siku hiyohiyo. Analipwa rupia tisa kwa mwezi na kibaba cha unga kila siku. Kwa hizo anawalea watoto watatu huko Makole.

Matata yalianzia mezani kwa wakubwa. Bwana Mganga alikuwa akilalamika kwamba vibarua wanapona homa lakini hawarudishi mwili. Akasema dawa yao ni nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa moshi, maana mafuta ndiyo kuni za mwili. Mhandisi wa reli, Mjerumani mwenzake aliyewahi kujenga reli nchi ya Siamu, akabisha. Akatoa chupa ya maji ya samaki. Huko, alisema, samaki wadogo hulazwa kwenye chumvi mwaka mzima mpaka wanatoa maji ya rangi ya chai, na kibarua akitia kijiko kimoja kwenye wali wake hushinda akibeba mataruma ya reli, kwa kuwa nguvu yote ya samaki imo humo.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, na safari hii nyasi zenyewe zilikuwa zimeshika mwiko. Mpishi hakuulizwa neno.

"Nilidhani wananitania," anasema Kuluthumu. "Kipande cha nyama unakitafuna, unakimeza, kinakaa tumboni. Yale maji ni chumvi yenye harufu. Ukiyanywa kikombe kizima, kiu itakuua. Sasa unalinganishaje kitoweo na chumvi? Ni kama kuuliza kipi kinakata zaidi, shoka au jiwe la kunolea."

Alimwambia hivyo Bwana Mganga?

"Nilimwambia. Akasema mizani itajibu."

Basi wagonjwa kumi waliokuwa wametoka homa, wote Wagogo, wakagawanywa. Watano wanapewa ugali na nyama ya nguruwe, ambayo Silvano, Mkristo wa Mvumi, huikaanga mwenyewe. Watano wanapewa ugali na mlenda wa Kuluthumu uliotiwa kijiko cha maji ya samaki. Muda ni wiki tatu. Upande utakaonenepa zaidi, chakula chake kitaagizwa kutoka pwani kwa hospitali nzima. Akishinda nguruwe, mpishi Mwislamu hatakuwa na kazi.

"Sina ugomvi na anayeila," anasema. "Ila mkono wangu hauishiki, hata kwa rupia tisini."

Kwa hiyo anaomba samaki ashinde?

"Naomba. Lakini hata akishinda, sitajua ameshinda nini." Anacheka, kisha anaacha kucheka. "Hebu kaa hapo barazani uwatazame wanavyokula. Utaona kinachoninyima usingizi."

Nakaa. Bwana Mganga anawahesabu wagonjwa, anaona kila mmoja ana chake, anakwenda kunywa kahawa yake. Hajafika hata mlangoni, kijana mrefu wa Msalato aitwaye Yotham, wa upande wa nguruwe, anaukata mnofu wake katikati na kumwekea jirani yake Sila, wa upande wa samaki. Sila anasukuma bakuli la mlenda. Kote barazani mambo ni hayo hayo, na wanafanya bila hata kutazamana.

"Kwetu mtu hali huku mwenzake anamtazama," Yotham ananieleza, akishangaa kwamba jambo hilo linahitaji maelezo. "Nyama ikishafika chini haina mwenyewe."

Na maji ya samaki?

"Yananuka, bwana. Lakini karibu ni karibu."

Kwa wiki tatu, basi, upande wa nguruwe umekula samaki na upande wa samaki umekula nguruwe. Kuluthumu aliligundua hilo siku ya pili akanyamaza. Katika kambi hii, kuvunja amri hujibiwa kwa viboko ishirini na tano bila kupunguza. Mtu aliyetoka homa juzi hawezi kuvimaliza vyote.

Saa tatu tunakwenda stesheni. Chumvi ya nguruwe na chumvi ya samaki zimekutana kooni mwa Yotham, naye kabla ya kupanda mizani anapita mtungini na kunywa kata mbili za maji zilizojaa. Siri ya mtungi muulize kata. Kuluthumu amemwona, nami nimemwona.

Bwana Mganga anajumlisha. Upande wa nguruwe umeongezeka kilo kumi na mbili, upande wa samaki kumi na moja.

"Nguruwe," anasema, na anafunga kalamu yake. Mhandisi ananung'unika kwamba kilo moja si kitu.

Kilo hiyo moja naijua ilipo: inachezacheza tumboni mwa Yotham. Namtazama Kuluthumu. Neno moja tu juu ya zile kata mbili lingeweza kumrudishia jiko lake, nalo lingemlaza kijana yule chini mbele ya kiboko kama mdanganyifu. Namwonea huruma kweli.

"Bwana Mganga," anasema hatimaye, "hesabu imeharibika. Wamekuwa wakila pamoja. Ni mimi niliyewaruhusu."

Si kweli. Hakumruhusu mtu. Yotham anainua kichwa aseme, Kuluthumu anamkata jicho, na kijana anayameza maneno yake.

"Kwa nini?" anauliza daktari, sauti imeshuka.

"Kwa sababu watu kumi wa paa moja hawali mafungu mawili. Kuwalisha hivyo sikufundishwa."

"Basi kipi kinalisha zaidi?"

"Sijui, bwana. Na wewe hujui."

Hapo mimi natazama viatu vyangu. Mhandisi anaanza kucheka mpaka anakohoa. Daktari anaipiga karatasi yake mstari toka pembe hadi pembe. Jaribio litaanza upya mwezi ujao, anasema, na katikati ya baraza utasimamishwa ukuta wa mikeka. Mpishi atabaki mpaka jibu lipatikane. Mshahara wa mwezi huu hatapata.

"Sijui nicheke au nilie," ananiambia Kuluthumu tukirudi. "Nimeadhibiwa au nimesamehewa? Wewe uliyesoma, niambie."



Alasiri namkuta amekaa chini akitwanga karanga, ingawa hakuna aliyemwagiza. Anasema Jumatatu, treni itakapoleta wagonjwa wapya, ataomba upande wa tatu. Anataka watano wake wa kuwalisha mlenda wa karanga na maziwa ya mgando, wapimwe kwa mizani ileile, hao wengine wakiwa nyuma ya mikeka yao.

Na akishindwa?

Anapepeta maganda, anafikiri.

"Nikishindwa nitaondoka mwenyewe, nikijua kwamba alichonilisha mama yangu hakikuwa chakula. Lakini nitazame, mwanangu. Mbona nimekua?"