Upanga Mzito wa Nelitza

Umeme uliporudi Jumapili ile mtaani kwao Maracaibo, ulirudi kwa kishindo. Friji ya Nelitza Urdaneta ilinguruma mara moja, ikanyamaza. Ndani mlikuwa na barafu za embe alizokuwa akiwauzia watoto wa shule, kila moja kwenye kifuko chake. Hadi saa tisa zote zilikuwa zimeshakuwa juisi ya uvuguvugu, na fundi alikuwa amekwisha sema: mota imeungua, tafuta nyingine.

Bila friji hakuna barafu, na bila barafu Nelitza alibaki na kazi moja tu, ile ya simuni. Ni mchezo wa mapanga na mazimwi. Watu wa nchi za mbali huucheza kwa kujifurahisha, mtaani kwake huchezwa ili watu wale. Anayecheza huwinda mijusi wakubwa wa kinamasini, huwachuna, na ngozi huwauzia kwa fedha halisi wale wa mbali wasio na muda wa kuwinda. Kwa upanga wake wa zamani, Nelitza angepata ngozi za kununulia mota baada ya miezi mingi. Akaenda kwa mhunzi wa mchezoni, akafuliwe mpya.

Mhunzi alimwekea mapanga mawili mezani. Nelitza, ambaye shule aliiachia darasa la sita, alisoma maandishi yote, hata yale madogo ya chini, kidole kikifuata mstari. Mwepesi ulipiga kidogo. Mzito ulimwangusha mjusi kwa mapigo mawili, lakini aliyeubeba hakuweza kukimbia wala kupakia mzigo mkubwa. Na ukishafuliwa, haurudishwi.

Akampigia Eglé simu. Eglé ndiye aliyemshika Maryelis, binti wa Nelitza, siku ya ubatizo, na tangu siku hiyo, miaka kumi na minne, hawakuitana tena kwa majina. Waliitana comadre.

"Chukua mzito, comadre," Eglé alisema. "Unasubiri nini, mjusi akuombe ruhusa?"

"Na maharamia wakitokea? Nitakimbiaje na chuma hiki?"

"Utakimbia wapi, na magoti yako yale? Wewe baki uwazuie, mimi nina mwepesi, nitazibeba ngozi zetu nikimbie nazo. Si ndivyo wanavyofanya wote?"

Kweli, ndivyo walivyofanya wote. Wawindaji wa mtaa ule hutoka wawili wawili: mwenye mzito hupiga na hubaki nyuma, mwenye mwepesi hubeba ngozi za wote wawili, na mgawanyo hufanywa sokoni. Kwa hiyo mtu hachukui mzito mpaka awe na mwenzake anayemwamini. Nelitza hakujiuliza hata mara moja. Akabonyeza, mhunzi akagonga nyundo.

Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Mijusi walianguka kama nguo zilizokatikiwa na kamba. Kisha Alhamisi wakatokea maharamia watano, wachezaji wanaoishi kwa kupora wenzao, majina yao mekundu juu ya vichwa. Eglé akakimbia na mzigo. Nelitza akasimama, akakata wawili, akauawa.

"Comadre, wamenikamata darajani," Eglé alisema simuni, akihema kana kwamba alikimbia kwa miguu yake mwenyewe. "Wamechukua zote. Maskini sisi!"

"Pole, comadre. Ulichoka?"

"Wacha! Moyo ulitaka kutoka."

Alhamisi ya wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Ya tatu pia. Nelitza alimfariji Eglé, akarudi kinamasini kuanza upya. Mlango wa friji alikuwa akiuacha wazi isije ikanuka, na Maryelis alikuwa ameanza kuweka viatu ndani.

Jumamosi aliingia soko la mchezoni kutazama tu bei. Akafungua kibanda kimoja kisicho na jina la mwenyewe, akaona rundo la ngozi za mjusi. Kidole kikashuka mpaka maandishi madogo ya chini, yale ambayo Eglé hakuwahi kuyasoma maishani mwake: *Imechunwa na Nelitza.* Akafungua ya pili. *Imechunwa na Nelitza.* Zote za Alhamisi zile tatu zilikuwepo, na ngozi ikiporwa na maharamia jina hilo hufutika.



Jioni Eglé akaja, kama kila Jumamosi, na sahani ya mandoca, maandazi ya ndizi na unga wa mahindi, za moto na jibini juu. "Kuna joto, comadre! Nipe maji baridi."

Nelitza akatoa chupa ndani ya friji, katikati ya viatu, akamimina. Eglé akanywa, akakunja uso.

"Mbona ya moto?"

"Friji haijapona. Hukumbuki?" Akamwekea simu mbele yake. "Nisomee hapa chini, comadre. Macho yangu yamechoka."

Eglé alisoma. Akasogeza sahani kidogo, akairudisha pale pale. "Ningekwambia," alisema. "Na mimi nina nyumba, comadre. Ningekwambia."

"Alhamisi ipi?"

Maryelis akaingia kutoka uani, mikono ina sabuni. "Nibariki, mama yangu wa ubatizo!"

Mkono wa Eglé ulipanda wenyewe, ukatulia juu ya kichwa cha msichana. "Mungu akubariki, mwanangu." Nelitza aliutazama mkono ule mpaka uliposhuka.

Eglé alipoondoka, mandoca zilibaki mezani. Maryelis alizila. Mama yake hakugusa hata moja.

Nelitza alibadilisha neno lake la siri la kuingilia mchezoni, lililokuwa siku ya kuzaliwa ya Maryelis, siku ambayo Eglé aliijua vizuri kama yeye. Kisha akaenda kwa mhunzi. Akapewa jibu lile lile: haurudishwi. Basi akaingia kinamasini peke yake. Kwa uzito ule aliweza kubeba ngozi sita tu. Alizibeba akitembea polepole kuelekea sokoni, na kila hatua chache alisimama, akageuka kutazama nyuma.