Mraba Ulioangukia Kwenye Zizi la Zamani

Saa mbili asubuhi, umande haujakauka, na mwanamume wa miaka hamsini na saba anahesabu hatua ndani ya shamba la mahindi. "Ishirini na sita, ishirini na saba." Anachomeka kijiti, anafungua kamba.

Mwenye shamba, mzee anayemzidi miaka kumi na mitano, anashika ncha ya pili bila kuombwa.

"Bwana Kamba, leo unalishonea shamba langu suruali au gauni?"

"Kaptura tu, kaka. Kitambaa hakitoshi."

Wanacheka kidogo, kisha wanavuta kamba.

Bwana Kamba, kama anavyoitwa kila kijiji anachopita, ni mpima mavuno. Anaweka mraba wa mita tano kwa tano, anavuna kilichomo, anapukuchua na kupima. Mahali pa mraba hapachagui yeye. Panatoka kwenye karatasi ya namba anayopewa ofisini. Kwa miraba hiyo, ofisi hukadiria kama kijiji kina chakula cha kutosha.

Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Malipo ya mraba mmoja hayafiki bei ya debe moja la mahindi.

Mwaka jana namba zilimleta katika shamba hili hili, hadi palipokuwa na zizi la mbuzi zamani. Hapo udongo ni mweusi na mahindi yalikuwa yamempita kichwa. Kwingine kote yalikaukia magotini.

"Nilimwambia, sogeza kidogo bwana, hapa panasema uongo juu yetu," anakumbuka mzee.

"Nikamjibu, nikisogeza kwako leo, kesho kuna mtu ataniletea kuku nisogeze kwake," anasema Bwana Kamba.

Walibishana mpaka mke wa mzee akaingilia kati. "Mwache mwenzio afanye kazi yake." Alikuwa ameketi kando, akishona mfuko wa mizani wa mgeni, ambao aliuona umetoboka.

Mraba ule ulitoa kilo tisa. Shamba zima, ekari moja, lilitoa magunia mawili. Kijijini yalipimwa mashamba manne tu, kwa hiyo wastani ukapanda, na kijiji kikaandikwa kuwa kinajitosheleza. Malori ya chakula cha msaada yakapita bila kusimama. Baada ya miezi minne bei ya debe ilikuwa maradufu.

"Kila nilipomuuliza mke wangu, alisema ameshakula," anasema mzee. "Nami nikaamini."

Homa ilipomjia mkewe, ilimkuta hana nguvu. Alizikwa kabla ya mvua.

"Sikuvunja kanuni hata moja," anasema Bwana Kamba, akipapasa kiraka cha mfuko, uzi mwekundu kwenye turubai ya kijani. "Ndicho kinachoniuma. Ningekuwa nimekosea, ningejua naomba msamaha wa nini."

Alikuja kuomba hata hivyo. Siku hiyo mzee alimtolea kigoda, akampa maji, wakakaa mpaka jua likageuka.

Leo mraba umeangukia upande mkavu. Mizani inasema kilo mbili na robo.

Bwana Kamba anaandika, kisha anageuza fomu. Nyuma hakuna mistari. Anaeleza kwa penseli hali ya shamba zima: wapi pana rutuba, wapi hapana kitu. Amefanya hivyo kwa kila shamba msimu huu, ingawa mkuu wake amemwambia kompyuta haisomi nyuma ya karatasi.

Atastaafu baada ya msimu ujao. Ameomba nusu saa tu mbele ya wakubwa, awaombe miraba mitatu kwa kila shamba badala ya mmoja.

"Wakikataa, nitamfundisha atakayeshika nafasi yangu kugeuza karatasi. Iko siku mtu atasoma."

Mzee anakunja kamba taratibu, isijifunge fundo.

"Umeandika na lile zizi?"

"Nimeandika, kaka."

"Na yeye?"

Bwana Kamba anafungua ule mfuko wenye kiraka, anaitoa tena penseli.