Wimbo mupya ya njia ya Kasaji: musiizime katikati

Jambo yenu bote, bakubwa na bana bangu ba humu.

Naona munaambiana nyimbo, filme na bitabu bya siku hizi. Mi ni mama Kabedi, bibi muzee wa Dilala, masomo yangu ilikomea darasa ya tatu kwa mwalimu Anastasia, lakini masikio ingali iko. Nitasema bitu bitatu, na sitaongeza chumvi.

Ya kwanza, ile filme ya kila mangaribi, yenye mama mukwe anaficha barua ya Clarisse. Muiangalie. Mi nilishajua barua iko mu gunia ya mihogo. Nilimuuliza jirani mbele, juu roho yangu haiwezi kungoja.

Ya pili, kitabu. Mujukuu wangu Mujinga (kwetu ni jina, si tusi), yeye ni mwalimu, ananisomea kitabu ya mujane mumoja, Bernadette, analima bitunguu. Muzuri sana! Lakini mbele aanze nilimuambia:

"Mujinga, soma ukurasa ya mwisho, uniambie kama Bernadette anakufa."

"Sasa bibi, tutasoma nini?"

"Tutasoma na roho ya pole."

Njo vile niko.

Ya tatu njo imenileta hapa.

Munajua, kwetu mutu akipatia baimbaji kitu, banatupa jina yake ndani ya wimbo. Ni shukrani. Na ku kilio vilevile, banaita majina ya bale balikufa.

Mwanangu Ilunga ni muchimbaji. Mu mvua ya mwisho, shimo yao iliangukia batu. Balitoa bane: Mwepu wa mama Kayembe, Kalenga wa mama Ngalula, Banza wa mama Odia, na Ngoy wa mama Kyungu, ule mwenye kucheka sana. Tulibazika bote.

Ilunga habakumuona.

Mumoja anasema alikuwa ndani. Mwingine anasema alimuona ku pikipiki mbele ya mvua, anaenda Kasaji. Telefone yake haiite. Basi mi nimulilie, ao nimungoje?

Siku moja nikaenda kwa tata Kazadi, mwenye kutiaka nyimbo mu telefone za batu.

"Mama, iko moja mupya, inatoka njia ya Kasaji. Utacheza!"

"Tata, magoti yangu inalia yenyewe, haingoje gitare."

Alicheka, akaitia.

Nyumbani nikaifungula. Gitare pole pole, sauti muzuri. Halafu muimbaji akaanza majina. Mwepu. Kalenga. Banza. Ngoy. Nikatia kitambaa mu kinywa.

"Ilunga..."

Nikazima.

Siku tatu sikuifungula tena. Majirani bakikuja, nasema kichwa inauma. Lakini nilipanguza biti byote, nikabitoa inje, juu batu ba kilio banaikala wapi? Nilipanga mpaka nani nitamuambia wa kwanza.

Siku ya ine Mujinga akaona bile biti. Nikamuambia. Akakamata telefone.

"Bibi, kitabu unataka mwisho mbele. Wimbo unaizima katikati. Ni akili gani hii?"

"Kitabu ni ya Bernadette. Hii ni mutoto wangu."

Akaifungula. Mi nikageukia ukuta, muimbaji akaendelea:

"Ilunga, mutoto wa mama Kabedi, alituchinjia mbuzi. Alisema tuite bandugu zake bane, juu yeye mwenyewe akibaita anashindwa."

Mufu hachinje mbuzi, bakubwa! Mwenye kutoa zawadi anaitwaka nyuma ya bote. Hiyo naijua tangu usichana wangu, na woga ilinisahaulisha.

Sasa bale bamama bane banakuja kwangu kusikiliza. Mama Kayembe aliniomba nisimamishe ku jina ya Mwepu wake. Nikasimamisha. Akatia mikono mu magoti. Kisha akasema mwenyewe:

"Acha ipite, mama Kabedi. Tumusikie wako."

Lakini telefone ya Ilunga ingali haiite. Nafikiri anaogopa macho ya bale bamama, juu yeye alipona na bana babo hapana. Hata nikikula, telefone iko pembeni ya sahani. Ikilia tu, kijiko inaanguka, na ni mutu anauliza bei ya makala ya kupikia, ile ninauzisha.

Fundisho yangu ni hii. Kitabu, anza na mwisho kama roho yako ni ya woga, sitakucheka. Filme, uliza jirani. Lakini wimbo ikiita jina ya mutu wako, shikilia kiti na usizime.

Na nyinyi muniandikie hapa chini, ni wimbo gani muliogopa kumaliza?

Na kama uko Kasaji, ukaona mutu murefu, kovu ku kidevu, anaitika Ilunga, usimuulize kitu. Umuambie tu bamama bote bane balisikiliza mupaka mwisho, na mama Kayembe njo alisema iendelee.