Bibi Alipoianika Betri ya Simu

Kwa siku tatu swali lilikuwa moja, nalo lilininyima usingizi: kama Bibi angeungua mkono, si ningekuwa nimemuunguza mimi? Nililigeuza upande huu, nikaligeuza ule. Mimi ndiye mwenye shahada ya umeme katika nyumba yetu ya Faza. Na mimi ndiye niliyepita uani asubuhi ile, nikaiona betri ya simu yake imelazwa juu ya ukuta, juani, nikacheka, nikaipiga picha, nikaenda zangu kunywa chai.

Nilicheka kwa sababu nilirudi utotoni. Ninyi mliolelewa na tochi na redio mnajua ninachosema. Betri tuliziita mawe, na mawe hayakutupwa ovyo. Kwetu yalikuwa na vyeo. Yale madogo, ya unene wa kidole, yakiwa mapya yaliingia kwenye tochi ya Babu, maana hakuna mlafi kama tochi. Mwanga ukianza kuwa wa manjano, yalihamia redioni. Redio nayo ikianza kusema kwa puani kama mtu mwenye mafua, jiwe moja lilistaafu kwenye saa ya ukutani na kusukuma mishale kwa miezi mingine.

Kati ya cheo na cheo kulikuwa na matibabu. "Yamepata baridi hayo," Bibi alisema. "Yaweke yuani yaote." Tuliyapanga ukutani na kukaa kuyalinda na kuku. Na wallahi yalipona! Jioni redio ilisema tena, angalau hadi taarifa ya habari iishe. Yaliyogoma tuliyauma kwa meno. Ulimi wangu bado unaikumbuka ile ladha ya kutu na chumvi. Yaliyokufa kabisa tuliyapasua tupate kijiti cheusi cha katikati, tuchoree miraba ya kuruka. Mara moja niliuloweka majini ule unga mweusi wa ndani ya jiwe, nikauandikia kwenye ubao wa chuoni, tulikosoma Kurani. Maalimu aliunusa, akauliza, "Wino huu wa nti gani?" Nikajibu, wa nchi ya redio. Chuo kizima kilicheka, na mimi niliosha mbao za wenzangu wiki nzima.

Siku hizi binamu zangu wadogo wakiona chaji imebaki kidogo, huzunguka nyumba nzima wakitafuta waya kama waliopotelewa na mtoto. Simu zao zimegandishwa mgongo. Betri hawajaiona uso.

Lakini betri ya simu si jiwe la tochi. Hilo nililisomea, na sikulisema. Jiwe likipata joto kidogo huamka. Ile bapa ya simu ikipigwa na jua kutwa huvimba, na ikizidi huwaka. Alasiri, Ami Twalib, mdogo wake baba, alikuja kumsalimu mamake akaikuta imevimba kama hamri kwenye mafuta. Mimi niliichukua kwa koleo ya makaa, nikaizika kwenye kopo la mchanga mkavu. Nilipogeuka, Ami alikuwa amekwisha kutoa hukumu.

"Mama, simu basi. Utatuchomea nyumba. Anayekutaka atapiga kwangu."

"Kwani wewe, Twalib, u nyumbani saa ngapi?" Bibi akauliza. "Mwanakombo nimwambie angoje ufunge duka?"

Mwanakombo ni dadake Bibi, yuko Kiwayu, na ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lao. Kila siku baada ya Alasiri huzungumza: nani kaposwa, samaki gani kapatikana, goti lipi linauma. Sasa siku tatu zilipita hawajasemezana. Bibi alikaa na simu isiyo na betri mapajani, akibofya vitufe vilivyokufa.

Nikafikiri, maana kufikiri ndiyo kazi pekee niliyoipata tangu nihitimu. Ami akiwa na haki je? Nikimtilia betri nyingine ikawaka moto je? Lakini kila nilipofika kwenye wazo kwamba mzee hajui, roho ilikataa. Bibi anajua. Ndiye aliyenifundisha kwamba jiwe lina kichwa na mkia, kwamba jipya halichanganywi na kuukuu, kwamba linalotoa maji hutolewa haraka kabla halijakula chuma. Chuo kikuu walinifundisha yaleyale kwa ada. Alichokosa ni jambo moja tu, na aliyepaswa kumwambia alikuwa anapiga picha.

Siku ya nne nilitoka, nikanunua betri mpya ya aina ileile. Nikakaa chini mbele yake, nikaichukua simu mapajani mwake, nikaitia betri.

"Bibi, hii haipati baridi. Adui yake ni joto. Ikichoka, itie kwenye waya. Ikivimba, niite."

"Kumbe ni kinyume cha zetu! Na siku zote hukunambia?"

"Sikukwambia. Kosa ni langu."

"Basi ngoja kwanza, nitazame kama nitakusamehe," akasema, mkono umeshanyooshwa kuipokea simu.

Ami akatokea mlangoni. "We Salma, nilisema nini?"

"Ulisema, Ami. Nami nimeitia betri. Kosa halikuwa uzee wa Bibi, lilikuwa kimya changu. Ukitaka kumnyang'anya mtu simu, chukua hii yangu." Enzi zetu hata jiwe lililochoka lilipewa kazi nyepesi, likaendelea kuhesabiwa kuwa la nyumbani. Leo mtu mzima akikosea mara moja tunamzima.

Bibi hakututazama. Alibofya namba moja baada ya nyingine, taratibu. Simu ikalia mfukoni mwa Ami. Akaitoa, akasoma jina, akamtazama mamake aliyekuwa hatua tatu mbele yake. Akakata. Bibi akapiga tena. Safari hii Ami aliiweka sikioni.

"Naam, Mama."

"Twalib, ondoka mlangoni, wanizibia mtandao. Nataka kuzungumza na Mwanakombo."